Jembe Lilitangulia Cheti

Wafugaji wa Kisukuma walianza kuhama Meatu, Maswa na Bariadi kwa wingi kuanzia miaka ya 1970. Malisho yalikuwa yamebanwa na mashamba ya pamba na ongezeko la watu, nao wakaswaga ng'ombe wao kuelekea kusini na magharibi. Waliofika Mpanda, ndani ya misitu ya miombo, walikuta vijiji ambavyo hawakuvitarajia. Vilipangwa kwa mistari iliyonyooka, vilikuwa na barabara zenye namba, na pande zote kulikuwa na mihogo, mahindi na maharage. Wakazi wake walizungumza Kiswahili. Watoto wao walisoma shule za msingi kwa mtaala uleule uliofundishwa Bukundi na Mwanhuzi, wilayani Meatu. Wanaume walidaiwa kodi ya maendeleo kama wanaume wa kijiji kingine chochote. Kisheria, hata hivyo, walikuwa wakimbizi.

Tofauti ilionekana siku ya safari. Mtu wa Bukundi aliyetaka kuhama alibeba barua ya utambulisho kutoka kwa viongozi wa kijiji chake, akaiwasilisha kwa mwenyekiti wa huko anakokwenda, na mazungumzo ya shamba na malisho yakaanza hapo. Jirani yake mpya wa Mishamo, mojawapo ya makazi hayo ya wakimbizi, alihitaji kibali cha mkuu wa makazi ili atoke nje ya mpaka, hata kama shida yake ilikuwa kwenda kuona ndugu aliyelazwa hospitali ya wilaya. Hali hiyo ilidumu miongo. Tangu familia hizo zivuke mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 hadi zilipokabidhiwa vyeti vya uraia Oktoba 2014, ilipita miaka 42. Naieleza historia hii kwa wasomaji wa Simiyu, mkoa usio na kambi ya wakimbizi, kwa sababu inahusu swali ambalo kila kijiji nchini hukutana nalo: nani humfanya mgeni kuwa mwenyeji, na kwa njia gani?

Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji yaliyolenga Wahutu, ikianza na waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, wachungaji wa makanisa, watumishi wa serikali. Makadirio ya waliouawa katika miezi iliyofuata huanzia 100,000 na kupanda hadi mara mbili au tatu ya idadi hiyo. Waliosalimika walikimbilia Rwanda, Zaire, na wengi zaidi Tanzania. Wengine walikatiza misitu na mabonde ya mpakani, wengine wakaja kwa mitumbwi juu ya Ziwa Tanganyika, wakaingia katika vijiji vya Waha wa Kigoma.

Mapokezi ya kwanza hayakufanywa na shirika lolote. Kiha na Kirundi ni lugha za karibu mno. Mtu aliyefika usiku aliweza kueleza yaliyompata na akaeleweka. Pande mbili hizo zilikuwa zikioana na kufanya biashara tangu kabla Wabelgiji na Waingereza hawajagawana mpaka. Familia ilipewa pa kulala, kisha ikalima shamba la mwenyeji ili ipate chakula, kisha ikaonyeshwa kipande cha ardhi cha kulima yenyewe. Serikali iliwakusanya wengi na kuwapeleka mbali na mpaka, na misako ya kuwatafuta waliobaki iliendelea hata miaka ya 1980. Pamoja na hayo, wapo ambao hawakuondoka kamwe. Miongo mitatu baadaye, watu wapatao 22,000 wa kizazi hicho cha 1972 na watoto wao walikuwa bado wakiishi katika vijiji vya Kigoma, nje ya makazi yoyote rasmi. Walilindwa na ukimya wa majirani na wenyeviti wa vijiji waliowajua vizuri. Sijui tendo la kujitolea lililo kubwa kuliko hilo. Halikuwa na mradi wala bajeti, na aliyelifanya angeweza kuitwa kujieleza wakati wowote.

Waliokusanywa walipelekwa katika misitu ya Tabora na Mpanda. Ulyankulu ilifunguliwa mwaka 1972 na Katumba mwaka 1973. Ulyankulu ilipoonekana kujaa kupita uwezo wa ardhi na maji yake, makumi ya maelfu walihamishiwa Mishamo kuanzia mwaka 1978. Kazi iligawanywa kati ya pande tatu: serikali ilitoa ardhi na utawala, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitoa fedha, na TCRS, shirika la huduma kwa wakimbizi lililoundwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani, lilisimamia ujenzi na huduma. Wenyewe walioletwa na malori wakatoa mikono. Walipewa majembe, mashoka, mbegu, na mgao wa chakula wa kuwavusha hadi mavuno. Ilibidi wafyeke miti mikubwa katika nchi yenye mbung'o, walale chini ya mahema, na waanze upya ilhali wengi walikuwa wamefiwa na wazazi au wenzi miezi michache tu iliyopita.

Katika Katumba na Mishamo kila familia ilikatiwa takriban hekta tano. Huo ndio uamuzi ninaouona kuwa na uzito kuliko yote yaliyofanywa na serikali katika habari hii. Wakimbizi wa nchi nyingi duniani huwekwa kambini, wakapanga foleni ya unga kwa miaka. Hawa waliambiwa: hapa ni shamba lako, lima. Uliokuwa nyuma ya uamuzi huo ni msimamo wa Mwalimu Nyerere kwamba ardhi ya Afrika ni ya Waafrika, na pia hesabu ya kawaida ya nchi iliyokuwa na misitu mitupu magharibi na ilitaka watu wa kuifungua. Mwaka 1983 Mwalimu alipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa waliotumikia wakimbizi.

Jambo moja la mwaka huo wa 1972 husahaulika. Ndio mwaka ambao Tanzania ilifuta halmashauri za wilaya na kuleta mpango wa Madaraka Mikoani, ambapo watumishi wa serikali kuu ndio walioendesha mikoa na wilaya. Kwa hiyo familia za Burundi ziliingia nchini wakati ambao hapakuwa na diwani wa kuwapokea. Kilichokuwepo karibu na mwananchi kilikuwa kijiji, na kijiji chenyewe kilikuwa kinazaliwa upya. Operesheni ya kuwahamishia Watanzania vijijini ilipamba moto kati ya 1973 na 1976, na sheria ya vijiji ikapitishwa mwaka 1975. Mamilioni ya Watanzania walikuwa nao wanahamishwa na malori, wanaonyeshwa viwanja vilivyopimwa kwa mstari, wanaambiwa wajenge. Mkulima wa Shinyanga aliyevunjiwa nyumba yake mwaka 1974 na Mrundi aliyeshushwa Katumba mwaka uleule walikuwa wakiishi maisha yanayofanana kwa namna ambayo hakuna kati yao aliyeichagua. Shule ilijengwa kwa tofali za wazazi, zahanati kwa nguvukazi ya kijiji, na asiyefika kazini aliulizwa sababu.

Wasukuma walikuwa na utaratibu wao wa kumwingiza mgeni kabla ya vijiji hivi vya serikali. Chini ya watemi, aliyehamia alikwenda kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, akaonyeshwa mji ulioachwa wazi au pori la kufyeka. Lakini mwanangwa hakutosha. Vijana wa kijiji, basumba, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, ndio waliolima mashamba kwa pamoja, waliojenga nyumba na waliobeba maiti kwenda kuzika. Mgeni alihesabika mwenyeji alipoanza kushika jembe pamoja nao. Aliyekwepa alitozwa faini, na aliyezidi kukwepa aliachwa peke yake, jambo ambalo msimu wa mvua lilikuwa adhabu nzito. Waliohamia Mpanda walipeleka desturi hizo kule. Ni rahisi kutambua kwamba majirani zao waliotoka Burundi walikuwa wameshapitia mlango huohuo, kwa kazi ya pamoja, ingawa chini ya usimamizi wa serikali.

Matunda yalionekana mapema. Msaada wa Umoja wa Mataifa uliondolewa Katumba mwaka 1978, Ulyankulu mwaka 1980 na Mishamo mwaka 1985, kwa sababu makazi yalionekana kujitegemea. Yalilisha wakazi wake na ziada ikauzwa. Maharage na mihogo yalisafiri kwa reli ya Mpanda kwenda Tabora na mbali zaidi, na Ulyankulu ikaingia katika kilimo cha tumbaku pamoja na wakulima wa Urambo. Jina la Ulyankulu likawafikia hata Watanzania ambao hawajawahi kuliona kwenye ramani, kupitia kanda za kaseti za Kwaya ya Barabara ya 13. Watu waliimba nyimbo zile Mwanza, Dar es Salaam na Nairobi, wengi wao wasijue kwamba barabara hiyo ya kumi na tatu ilichongwa ndani ya makazi ya wakimbizi.

Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984. Kuanzia hapo walimu, dawa na matengenezo ya barabara za makazi vilitazamiwa kutoka wilayani, kama kwa kijiji kingine. Utawala, hata hivyo, ukabaki wa pande mbili. Wizara ya Mambo ya Ndani iliendelea kumweka mkuu wa makazi, mwenye mamlaka ya vibali na ulinzi, na chini yake wakazi walikuwa na wenyeviti na kamati zao za vijiji. Mkazi alilipa kodi wilayani, lakini hakuwa na kura ya kumpata diwani wa kuulizia kodi hiyo ilikokwenda. Hili lilikuwa kosa la msingi, na lilidumu muda mrefu kwa sababu maisha ya kila siku yalikwenda vizuri kiasi cha kuwafanya wakubwa waamini kwamba hakuna kilichopungua.

Mfano wa kulirekebisha ulikuwepo. Wakimbizi wa Kitutsi waliotoka Rwanda kuanzia mwaka 1959, na kupewa ardhi Karagwe, Ngara na katika nyanda za Mwesi wilayani Mpanda, walifunguliwa mlango wa uraia kwa pamoja mwaka 1980. Walikuwa watu wapatao 36,000. Nchi chache sana Afrika zilikuwa zimethubutu hatua hiyo. Utoaji wa vyeti ulisuasua, na wapo walioendelea na maisha yao wakiamini kwamba ukaaji wa muda mrefu unatosha. Walikuja kujua uzito wa karatasi mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu walipoondolewa Kagera, Kigoma na Geita kwa kuhesabiwa wahamiaji haramu, wakiwemo waliokuwa wameishi nchini kwa miongo, wakazaa na kuzika hapa. Majirani walijua wao ni nani. Askari kwenye kizuizi hakujua, wala hakuwa na wajibu wa kuwauliza majirani. Wema wa kijiji una mpaka wake, nao ni pale barabara kuu inapoanzia.

Miaka ya 1990 ilibadili moyo wa nchi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi na wimbi jipya likavuka. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24 tu, watu wapatao robo milioni walipita daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Hakuna wilaya duniani ingeweza kuwagawia watu hao mashamba. Miti iliteketea kwa kuni, visima vilikauka, silaha zikaingia, na wenyeji waliokuwa wamegawana ugali wao siku za mwanzo wakachoka. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 iliwafunga wageni kambini. Warundi wa 1972, ambao walikuwa na mashamba na wajukuu, walijikuta wakitazamwa kwa jicho lilelile la mashaka.

Ndiyo maana hatua ya mwaka 2007 inastahili heshima kubwa. Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa zilikubaliana kulimaliza suala la makazi ya zamani. Watu waliandikishwa nyumba kwa nyumba. Wakapatikana takriban 218,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa Tanzania. Kila mmoja aliulizwa anachotaka. Kiasi cha asilimia 20 walichagua kurudi, na safari zao zikaanza mwaka 2008. Wengine, zaidi ya 170,000, walisema wanabaki. Mwaka 2010, chini ya Rais Jakaya Kikwete, maombi ya watu 162,156 yalikubaliwa. Ili wafike hapo, walikuwa wameukana uraia wa Burundi.

Kisha likaja sharti. Cheti kingetolewa baada ya mtu kuhama makazi na kwenda kuanza maisha katika mojawapo ya mikoa 16 iliyopangwa. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: raia wapya wachanganyike na Watanzania wengine, pasiwe na maeneo yanayohesabiwa ya Warundi peke yao. Lakini fikiria utaratibu huo kwa macho ya kijiji. Familia yenye miaka 35 kwenye shamba ilitakiwa iache nyumba, miembe, kanisa na makaburi, ipewe fedha za kuanzia, ishuke katika wilaya ambako haimjui mtu. Upande wa pili, mwenyekiti wa kijiji kinachopokea angetakiwa atafute ardhi, nafasi za madarasa na maji kwa watu ambao mkutano wake wa kijiji haujawahi kuwajadili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi, na mkutano wa watu wazima wote wa kijiji kauli juu ya ugawaji wake. Mtu wa Bukundi anajua maana yake: wilayani Meatu, ambako Wasukuma, Wanyiramba, Wataturu na Wahadzabe wanagusana katika malisho, mashamba na mapori ya kuwinda, hakuna ardhi isiyo na mwenye neno. Kupokea familia moja iliyokuja kwa barua na kumjua mtu ni jambo la jioni moja. Kupokea mia tano kwa agizo ni jambo lingine kabisa.

Viongozi wa baadhi ya mikoa walilalamika kwamba hawakushirikishwa vya kutosha. Fedha hazikutosha. Agosti 2011 zoezi la kuhamisha lilisimamishwa, na watu 162,156 wakabaki hewani: wameukana uraia wa kwanza, wa pili umekubaliwa, lakini mkononi hawana kitu cha kumwonyesha yeyote. Nani angechoma tofali za nyumba mpya wakati makazi yanaitwa ya kufungwa? Mwalimu mkuu angeombaje darasa? Kijana aliyefaulu angejazaje fomu inayouliza uraia? Nasema bila kusita kwamba miaka minne hiyo, tangu maombi yakubaliwe hadi vyeti vilipotolewa, iliwaumiza watu ambao walikuwa wameshafanya kila walichoombwa, na ilitokana na kudhani kwamba utangamano huanza siku ofisi inapoupanga. Katika Mishamo ulikuwa umeanza mwaka 1978, pale Mrundi, mwenyeji wa Kibende na baadaye Msukuma walipokutana mnadani na katika foleni ya zahanati.

Oktoba 2014 serikali ilibadili msimamo. Rais Kikwete akakabidhi vyeti, akiwa na waziri wake wa Mambo ya Ndani, Mathias Chikawe, na sharti la kuhama likaondolewa. Anayetaka kuhamia mkoa mwingine ahame kama Mtanzania mwingine. Anayetaka kubaki abaki. Umoja wa Mataifa uliueleza uamuzi huo kuwa wa kihistoria, nao ulikuwa hivyo. Handeni, mkoani Tanga, kulikuwa na kisa kingine cha namna yake: Wazigua wa Somalia, wajukuu wa watu waliouzwa utumwani kutoka pwani hii katika karne ya 19 na kupelekwa bonde la Juba, walirudi wakikimbia vita vya 1991, wakizungumza Kizigua ambacho wazee wa Handeni walikielewa. Walipewa ardhi Chogo, na njia ya uraia ikafunguliwa kwao. Hapo pia wa kwanza kuthibitisha kwamba wageni hao ni watu wa hapa walikuwa wanakijiji, kwa masikio yao.

Leo Katumba iko chini ya Halmashauri ya Nsimbo na Mishamo chini ya Halmashauri ya Tanganyika, zote katika Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 pamoja na Simiyu. Ulyankulu iko Kaliua, Tabora, na ni jimbo la uchaguzi. Watoto wa waliofyeka msitu ule wanapiga kura na kugombea, na wanaruhusiwa kupanda basi kwenda Mwanza bila kumwomba mtu kibali.

Kazi iliyobaki ni ya ardhi, na ni kazi ya serikali za mitaa zaidi ya wizara. Makazi yalitengwa kama maeneo ya wakimbizi, na mengine yanapakana na hifadhi za misitu. Ili yawe vijiji kamili, mipaka inatakiwa ipimwe, vijiji visajiliwe, na kila kimoja kiwe na halmashauri na baraza lake la ardhi, lile la watu saba ambao watatu lazima wawe wanawake. Bila hayo, mfugaji aliyetoka Meatu na mkulima aliyezaliwa Mishamo wakigombania mbuga ileile watakwenda polisi au kwa mkuu wa wilaya kutafuta suluhu ambayo ingepatikana chini ya mti wa kijiji, kwa wazee wanaojua nani alianza kulima wapi na mwaka gani. Wazee hao wapo bado, lakini waliofika wakiwa watu wazima mwaka 1972 sasa wamepita miaka 70. Upimaji ukifanyika wakiwa hai, wataweza kusimama shambani na kuonyesha mpaka kwa mkono.